Magadi Chunguni: Halali Peke Yake Haitoshi

Mwezi wa Julai, 2019, Kenya nzima ilizungumza nyama. Kituo cha televisheni cha NTV kilitangaza uchunguzi wake ulioonyesha kwamba katika baadhi ya maduka makubwa nyama ilikuwa ikitiwa sodiamu metabisulfaiti, chumvi ya viwandani yenye salfa, ili nyama iliyokwisha chakaa ibaki nyekundu kana kwamba imechinjwa alfajiri ile. Watu walikasirika, na haki ya kukasirika walikuwa nayo. Barazani kwetu, hata hivyo, swali la kwanza lilikuwa lile lile la siku zote: je, nyama yenyewe ilichinjwa na nani?

Swali hilo ni jema, na Mwislamu hana budi kuliuliza. Lakini lina mwenzake ambaye aghalabu humwacha nje ya mlango. Kitabu chetu kinapotuamrisha kula, kinataja sifa mbili pamoja: chakula kiwe halali, na kiwe chema. Sisi tumekuwa hodari wa sifa ya kwanza. Tunasoma maandishi madogo ya pakiti, tunauliza habari za jelatini, tunauliza mafuta yaliyomo katika ile namba 471 yametoka kwa mnyama au kwa mmea. Sifa ya pili tumeiacha kwa madaktari, na daktari huendewa mtu akisha kuugua.

Kuna kitu kimoja kinachotufunza vizuri tofauti ya sifa hizi mbili. Hakitoki Ulaya, wala hakina maandishi ya kigeni. Kimo jikoni mwetu, na jina lake ni la Kiswahili safi: magadi.

MBOGA ZA MISIKHU

Ili tuyaelewe magadi, yafaa kwanza twende bara, mpaka Misikhu, mji mdogo wa soko katika kaunti ya Bungoma, kwenye barabara itokayo Webuye kwenda Kitale. Hiyo ni nchi ya Wabukusu, na uhusiano wetu na pande zile si wa jana. Misafara ya Waswahili ilipiga kambi Mumias, si mbali sana na hapo, katika zama za Nabongo Mumia mwishoni mwa karne ya 19, na Uislamu ukapata makao huko. Hata leo walimu, askari na wafanya biashara wa pwani hupelekwa huko na kazi, wakaketi miaka, na wengine wakaoa.

Mgeni wa pwani akikaribishwa chakula Misikhu, ataletewa ugali na mboga. Mboga nyingine atazitambua mara moja, ila zimevaa majina mengine. Murere ni mlenda wetu. Saga ni mgagani. Managu ni mnavu. Likhubi ni majani ya kunde. Mitoo huenda asiijue kabisa, nayo ni chungu kiasi cha kumkunja uso mtu asiyeizoea.

Mboga hizi ni ngumu. Nyingine zina nyuzi, nyingine uchungu, na murere usipotiwa kitu hautelezi ukalainika kama wenyewe wanavyopenda. Kwa hiyo tangu kale akina mama wa huko wamekuwa na chumvi yao waitayo musherekha. Huchukua maganda makavu ya maharagwe, au mabua yake, au maganda ya ndizi, wakayachoma yakawa majivu. Majivu hutiwa katika chombo kilichotobolewa matundu chini, yakamiminiwa maji kidogo kidogo, na yale maji yakachuruzika yakiwa na rangi ya chai. Hayo maji ndiyo musherekha. Kiasi kidogo kikitiwa chunguni, mboga hulainika, uchungu hupungua, na rangi ya kijani hubaki.

Ila kuchoma na kuchuja kwataka muda, na siku hizi muda ni adimu. Asiye na musherekha huenda dukani akanunua magadi, mabonge ya rangi ya kijivu au unga mweupe, yaliyofungwa katika kikaratasi, kwa bei isiyozidi ya peremende chache. Kazi ni ile ile, na hufanyika upesi zaidi. Wala tusiwacheke watu wa bara. Mbaazi za nazi tunazokula kwa mahamri, na maharagwe yanayopikwa kwa sufuria kubwa shuleni na hotelini, baadhi ya wapishi wake wanayajua magadi vizuri sana.

HUKUMU YA MAJIVU NA YA JIWE

Tuseme basi kijana wa Mombasa, mwalimu, ameketi kwa wenyeji wake Misikhu. Amuuliza mama wa nyumba, "Mama, mboga hii imetiwa nini?" Naye ajibu, "Ni musherekha tu, mwalimu." Je, ale?

Asili ya vitu vya ardhini ni uhalali mpaka ipatikane hoja ya kukataza. Mimea ni halali, na madini vile vile, isipokuwa chenye kulevya au chenye kudhuru. Magadi ni jiwe la chumvi lililoganda katika ziwa. Hayana damu, hayana shahamu, hayana mkono wa mchinjaji. Kwa upande huo hakuna la kuuliza.

Kwa musherekha liko swali moja dogo, na ni la kifiki. Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, tunayoyafuata wengi wetu tangu Lamu hata Vanga, wanasema kitu najisi hakitohariki kwa kuchomwa. Majivu ya najisi ni najisi. Wanazuoni wa Kihanafi wanaona kwamba kitu kikisha kugeuka kabisa dhati yake, hukumu yake nayo hugeuka. Kwa hiyo Mshafi ana haki ya kuuliza kilichochomwa ni nini. Kama ni maganda ya maharagwe au ya ndizi, ni tohara, na mwalimu wetu anyoshe mkono wake ale kwa bismillahi. Kama katika moto ule kulichanganywa mavi ya ng'ombe, atajiepusha kwa adabu bila ya kumvunjia heshima mwenyeji wake.

Hapo ndipo mazungumzo yetu hukoma kwa kawaida. Chakula kimepata cheti cha uhalali, na watu wanashukuru. Ila cheti hicho ni nusu ya hukumu. Kanuni ya kuzuia madhara ni ya kifiki vile vile, na kila aliyepita chuoni anaijua. Basi na tuyapeleke magadi mbele ya swali la pili.

KUTOKA ZIWANI HADI CHUNGUNI

Magadi ya dukani asili yake ni maziwa ya Bonde la Ufa. Kubwa na mashuhuri kwetu ni ziwa Magadi katika kaunti ya Kajiado, ambako kampuni ya kuchimba magadi ilianzishwa mwaka 1911 na reli ikajengwa kwa ajili yake kutoka Konza. Kampuni hiyo tangu mwaka 2005 imo mikononi mwa Tata ya India. Sehemu kubwa ya mali yake huenda kutengeneza vioo na sabuni. Haikukusudiwa chungu cha mtu. Upande wa Tanzania kuna ziwa Natron na maziwa mengine madogo, na watu hukwangua ukoko wake ufukoni, wakaubeba hadi sokoni.

Kwa lugha ya wataalamu, magadi ni mchanganyiko wa kaboneti na baikaboneti ya sodiamu. Chumvi hiyo hiyo, ikisha kusafishwa kiwandani, imo katika orodha ya kimataifa ya vitu vinavyoruhusiwa kutiwa katika chakula, na namba yake ni 500. Imo katika biskuti na keki, wala wataalamu wa FAO na WHO hawakuiwekea mpaka wa kiasi cha kula kwa siku. Mtu akisoma habari hiyo pekee atasema: basi, magadi ni salama, na maneno yamekwisha.

Maneno hayajesha. Kilichopewa ruhusa ni chumvi iliyosafishwa. Bonge linalouzwa sokoni halikusafishwa na mtu. Limetoka ziwani na kila kilichokuwamo ziwani, na katika maziwa ya Bonde la Ufa kilichomo kwa wingi ni floridi.

MENO YA WATOTO

Floridi ni ile ile inayotiwa katika dawa ya meno, na kwa kiasi kidogo yasaidia. Ikizidi hugeuka adui. Mtoto ambaye meno yake yangali yanajijenga ndani ya ufizi, tangu kuzaliwa mpaka umri wa miaka minane hivi, akipata floridi nyingi kila siku, meno ya utu uzima humtoka yakiwa na mistari myeupe, au madoa ya kahawia, na yakizidi huwa na vishimo na kumeguka. Doa hilo halitoki kwa mswaki, wala kwa mkaa, wala kwa chumvi. Limo ndani ya jino lenyewe. Floridi ikizidi mno kwa miaka mingi hushika hata mifupa, viungo vikakakamaa.

Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita. Pande za Nakuru, Arusha na Meru maji ya visima vingi hupita hapo mbali, na watu wa huko hutambulikana kwa meno yao. Lakini wataalamu wa meno waliofanya kazi kaskazini ya Tanzania katika miaka ya 1990 walikutana na jambo la kustaajabisha. Walikuta watoto wenye meno yenye madoa katika vijiji ambavyo maji yake yalikuwa na floridi chache tu. Walipotafuta chanzo, walikikuta jikoni: ni magadi yaliyokuwa yakilainishia maharagwe na mboga. Walipoyapima waliona kwamba hayalingani. Mengine yalikuwa na floridi haba, na mengine yalikuwa na miligramu kadhaa katika gramu moja tu.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme mpishi ametia kijiko kimoja cha chai, yaani kama gramu tano, na magadi yake yana miligramu tano za floridi kwa kila gramu. Chunguni zimeingia miligramu 25. Wakila watu sita na mchuzi wake wote, kila mmoja amepata kama miligramu nne. Baraza la wataalamu wa Marekani liliweka mwaka 1997 kwamba mtoto wa miaka minne hadi minane asipite miligramu 2.2 kwa siku, na wa mwaka mmoja hadi mitatu asipite 1.3. Mtoto wa chekechea katika nyumba hiyo amepita mpaka wake karibu mara mbili kwa sahani moja, kabla hajanywa maji wala kumeza dawa ya meno. Huenda magadi ya nyumba ya pili yakawa mepesi, yasiwe na neno lolote. Shida ni kwamba mama hawezi kujua. Mabonge yote mawili yana rangi moja, ladha moja na bei moja.

Mtu wa Misikhu, au wa Malindi, hakai ukingoni mwa ziwa la magadi. Lakini ziwa laweza kumfikia ndani ya kikaratasi cha dukani.

PRESHA NA CHUMVI ISIYOITWA CHUMVI

Jambo la pili lawahusu zaidi wazee. Karibu thuluthi moja ya uzito wa magadi ni sodiamu. Kile kijiko cha gramu tano kinabeba gramu moja na nusu ya sodiamu, ilhali WHO yashauri mtu mzima asipite gramu mbili kwa siku nzima. Kikigawanywa kwa watu sita si kiasi cha kutisha peke yake. Ila hakiji peke yake. Juu yake hutiwa chumvi, na pengine kipande cha mchuzi wa pakiti, nao una chumvi yake. Uchunguzi wa taifa la Kenya wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la damu. Wangapi kati yao wameambiwa na daktari wapunguze chumvi, wakatii, wakaiondoa meza nzima ya chumvi, na huku maharagwe yao yangali yakipikwa kwa magadi? Hawakuasi. Hawakujua tu kwamba magadi nayo ni chumvi kwa jina lingine.

Jambo la tatu ni hasara ya chakula chenyewe. Maji yenye magadi huyeyusha kile kinachoshikanisha nyuzi za mboga, ndiyo sababu hulainika. Lakini huharibu vilevile vitamini B1 na vitamini C. Mgagani na mnavu ni mboga tajiri. Tukizichemsha muda mrefu katika magadi tunabaki na rangi ya kijani nzuri, na sehemu ya utajiri imekwenda na mvuke na maji.

MUSHEREKHA NAYO IULIZWE

Baada ya haya yote, mtu atasema: basi turudi kwenye musherekha ya mababu, maana cha asili hakidhuru. Hapo pana haraka. Ni kweli kwamba majivu ya mimea yana potasiamu kwa wingi kuliko sodiamu, na mwenye presha aliye na figo nzima anaweza kuona afadhali. Lakini mgonjwa wa figo ndiye hasa aliyekatazwa potasiamu, kwa sababu figo zake haziwezi kuitoa, na potasiamu ikizidi katika damu huweza kuusimamisha moyo. Kijiko kinachomfaa jirani chaweza kumwangamiza yeye. Isitoshe, musherekha haipimwi. Aliyechuja mara ya kwanza hupata maji makali, na wa mwisho hupata maji mepesi.

Tena musherekha wala magadi hayashiki mahali pa chumvi. Chumvi inayotoka katika mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, huku kwetu Kilifi, hutiwa madini ya ayodini kwa amri ya sheria, ili watu wasipate rovu na watoto wasidumae akili. Nyumba inayokolezea majivu pekee haipati kinga hiyo.

Kwa hiyo uasili si ushahidi, kama vile uhalali wa asili si ushahidi wa usalama. Kila kimoja kiulizwe swali lake.

MZIGO WA MPISHI

Ni rahisi kwa mwenye kalamu kumlaumu mwenye mwiko. Lakini tumtazame mama anayepika maharagwe makavu ya mwaka jana. Bila ya kitu cha kulainisha yatamla saa tatu za kuni au mkaa. Mkaa ni ghali, na kuni Misikhu kama kwingineko hazipatikani tena nyuma ya nyumba. Magadi ya shilingi chache yanamwokolea mkaa wa shilingi nyingi. Yeye hafanyi upumbavu, anafanya hesabu. Ila hesabu yake imekosa tarakimu mbili, meno ya mtoto na presha ya mzee, kwa kuwa hakuna aliyempa.

Njia nyingine zipo, na nyingi si ngeni kwetu. Maharagwe na mbaazi zikirowekwa usiku kucha na yale maji yakamwagwa, muda wa kupika hupungua sana bila ya magadi hata chembe. Nyama ngumu tangu zamani tunailainisha kwa papai bichi. Uchungu wa mitoo na saga wenyeji wa Misikhu wenyewe huuondoa kwa maziwa, kama sisi tunavyoupoza mnavu kwa tui la nazi. Anayeona hana budi kutumia magadi, atie chembe badala ya kijiko, amwage maji ya kwanza, na afadhali atumie ile soda ya kupikia iliyosafishwa ya pakiti kuliko bonge la ziwani. Sodiamu yake ni ile ile, lakini si floridi ile. Chakula cha mtoto wa chini ya miaka minane kisitiwe bonge kabisa. Mwenye presha ayahesabu magadi katika chumvi yake. Mwenye figo mbovu asiguse musherekha mpaka amwulize daktari.

WAJIBU WA WENYE MAMLAKA

Lakini haitoshi kuwaachia wapishi. Mwaka 2019 nyama ilipozungumzwa, wakaguzi walijua pa kwenda, kwa kuwa duka kubwa lina mlango, jina na leseni. Magadi hayana mlango. Huuzwa kwa kipimo cha kikombe, bila ya karatasi ya kueleza yametoka ziwa gani. Tangu mwaka 2013 huduma nyingi za afya zimo mikononi mwa kaunti, na kila kaunti ina maafisa wa afya ya umma. Si kazi kubwa kwa Bungoma, wala kwa Mombasa na Kilifi, kuchukua mabonge kutoka masokoni mwao, yakapimwa floridi, na majibu yakatangazwa kwa lugha wanayoifahamu wauzaji na wanunuzi. Na Shirika la Viwango la Kenya linaloweka masharti ya chumvi ya mezani laweza kuangalia na hii chumvi ya chunguni.

Nasi wa misikitini tuna sehemu yetu. Ramadhani mbaazi na maharagwe hupikwa kila nyumba, na darsa za alasiri hujaa watu. Mwalimu anayefafanua hukumu ya jelatini kwa nusu saa anaweza kuongeza dakika tano za magadi. Asiseme ni haramu, maana kuharimisha bila ya hoja nako ni kosa. Aseme tu kwamba kitu kimoja chaweza kuwa halali kwa wote na kisiwafae wengine, na kwamba mzazi ataulizwa juu ya alichomlisha mwanawe. Watoto wanaokula mbaazi hizo leo ndio ambao meno yao yatatoka miaka michache ijayo, na yakisha kutoka na doa, hakuna fatwa ya kulifuta.